Masika Yaliyoingia Ndani ya Lenzi

Kibaha, Alhamisi 3 Aprili

Naila anaolewa! Shangazi kapiga simu asubuhi nikiwa nafagia mbele ya studio, kapiga kigelegele hadi simu ikakwaruza. Naila, binti yake, ambaye tumelala kitanda kimoja utoto wetu wote kule Mzenga, anaolewa na Ashrafu tarehe ishirini na sita mwezi huu. Na wapiga picha ni sisi. Yaani mimi na Bi Mwanakheri!

Nimeamua kuandika masika haya yote, hata kama ni mstari mmoja kwa siku, maana moyo unaniambia kuna jambo.

Huu ni mwaka wangu wa pili hapa Maili Moja kwa Bi Mwanakheri. Kuanzia Mlandizi mpaka Kisarawe anatafutwa yeye, kwa sababu kwenye harusi zetu mwanaume haingii upande wa wanawake na kamera. Watu wakishavua mabuibui na kuachia nywele, wanamtaka mwanamke mwenzao. Mimi ndiye msaidizi. Nabeba begi, nashika taa, nawapanga watu mistari. Kamera nashika mara mojamoja, akichoka.

Baada ya shangazi, simu kaichukua baba. Baba haongei sana.

"Harusi hiyo iwe ya mwisho, Faudhia. Masika yakiisha urudi nyumbani. Nimenunua mashine ya kusaga, nataka uisimamie wewe."

"Baba, mimi huku nina kazi."

"Kufukuzia harusi za watu si kazi, mwanangu."

Nikasema, "Nimesikia, baba." Kusikia na kukubali ni mambo mawili.

Ijumaa 4 Aprili

Mvua kutwa. Nguo nilizofua juzi bado zina maji.

Jumatatu 7 Aprili

Leo Bi Mwanakheri kanifokea mbele ya mteja. Kosa langu ni kugusa kabati.

Kabati lenyewe ni la chuma, lina kufuli, liko pembeni ya studio pasipofika jua. Mle ndani kila lenzi imelazwa kwenye mfuko wake wa ngozi, na mfuko umeviringishwa kitambaa, kama kichanga. Ya thamani kuliko zote ni ile ya picha za sura, tunayoiita themanini na tano kwa milimita zake. Ukimpiga mtu kwa ile, nyuma yake kote kunayeyuka anabaki yeye tu. Bi Mwanakheri huitoa siku za harusi, anaipangusa nje, anairudisha na kufunga. Ufunguo unalala shingoni kwake.

"Nilitaka kuifuta vumbi tu," nilimwambia.

"Nani kakutuma? Lenzi si sahani ya kuosha kila ukijisikia!"

Mama huyu ana roho ya kwanini. Nimeandika, na sifuti.

Jumatano 9 Aprili

Kumetokea jambo kubwa.

Alikuja muuguzi mmoja kutoka hospitali ya Tumbi, anastaafu, anataka picha moja nzuri ya sebuleni. Bi Mwanakheri kafungua kabati, katoa themanini na tano. Kapiga picha ya kwanza, kaitazama, kapiga ya pili. Kabadilisha taa. Bado sura ya yule mama ilikuwa kama inatazamwa kupitia chandarua.

"Jasho la kioo," kasema, akapangusa mbele na nyuma. Picha ikawa vilevile.

Tukammalizia mteja kwa lenzi nyingine, akaondoka ameridhika. Bi Mwanakheri akafunga mlango, akaniambia niwashe tochi ya simu. Nikaimulika lenzi kwa nyuma, yeye akachungulia kwa mbele. Akanipa na mimi nichungulie.

Masikini! Ndani kabisa, pasipofikiwa na kidole wala kitambaa, kulikuwa na nyuzi nyeupe zimetambaa kutoka ukingoni kuja katikati, kama mizizi ya kitu kilichopandwa. Kuvu! Ile ile inayoota kwenye mkate. Imepata giza, imepata unyevu, imepata ngozi ya mfuko ya kula, ikajenga nyumba.

Nilijua tayari ni kwa nini, maana nimetazama video za mafundi mpaka bando la intaneti likaisha. Lenzi inataka hewa na mwanga. Kuifungia gizani msimu wa mvua ni kuifuga kuvu. Lakini nitasemaje? Aliyefunga ni yeye, na kafunga kwa mapenzi.

Aliketi kwenye kile kiti cha wateja, lenzi mapajani. Kwa mara ya kwanza nilimwona mdogo.

Ijumaa 11 Aprili

Bi Mwanakheri alikwenda mjini jana na lenzi. Fundi kamwambia aiache mpaka mwezi ujao, ana kazi nyingi. Mwezi ujao! Harusi ya Naila itakuwa imeshapita. Karudi nayo, kaitupa mezani. Yeye, kuitupa!

"Bi, ungeniacha nijaribu..."

"Usiguse."

Jumapili 13 Aprili

Sijagusa ya kwake. Nimegusa nyingine.

Latifu, mpiga picha wa Mlandizi, alinipa lenzi yake mbovu, ile ndogo inayokuja na kamera. Ilimwangukia kwenye lami. "Chukua, fundi wa mtandaoni," kaniambia, anacheka na wenzake. "Ukiiponya hiyo nakuoa."

"Baki na mahari yako," nimemjibu.

Nimeifungua leo chumbani kwangu, juu ya sinia lililotandikwa taulo jeupe. Nilikuwa na bisibisi ndogo za fundi simu, kibano cha nyusi, na kile kipampu cha mpira cha kupulizia vumbi. Kila nikitoa kitu napiga picha kwa simu, kisha nakipanga kwenye sinia kwa mfuatano wake. Pete ya mbele ikatoka. Kioo cha kwanza kikatoka. Jamani, raha! Ndani kumepangwa vitu vidogo vizuri kama ndani ya saa. Nilicheka peke yangu.

Halafu nikafika kwenye vile vipanga vyembamba vya chuma vinavyofungua na kufunga tundu la mwanga. Nilipindua kidogo tu. Vyote chaaa, vikamwagika. Hakuna picha ya simu inayokuonyesha vilivyokuwa vimelaliana. Nimevipanga na kuvipanga tena hadi mgongo ukakataa. Mwisho vikakaa. Nikafunga, nikatikisa, ikalia kama njuga. Springi moja ilikuwa chini ya kitanda.

Somo: vipanga haviguswi. Kuvu mara nyingi ipo kwenye vioo vya mbele, huna haja ya kufika huko.

Jumanne 15 Aprili

Nimeifungua tena yote na kuifunga. Sasa hailii.

Jumatano 16 Aprili

Ole wangu.

Leo jua lilitoka! Baada ya juma zima la mvua, jua la kweli, hata mabati yalikuwa yanatoa moshi. Bi Mwanakheri alitoka kwenda benki akaliacha kabati wazi. Nilikuwa nimesoma kuwa jua linaua kuvu ikiwa changa. Nikachukua ile lenzi ya hamsini, ambayo nayo ilianza kuonyesha vidoa ukingoni, nikaiweka dirishani iote jua.

Sikufunika nyuma yake.

Kwenye kibaraza chetu, chini ya dirisha hilo, anashona Tito. Kitambaa cha gauni la mteja alikuwa amekikunja kwenye kingo ya dirisha lile lile. Niko ndani natafuta brashi, nasikia, "Moto! Faudhia, moto!" Nikatoka mbio. Lenzi ilikuwa imelikusanya jua lote, ikalifanya ncha ya sindano nyuma yake, na pale iliposhukia kitambaa kilikuwa kinatoa moshi. Katikati kuna tundu jeusi, kingo zinatembea nyekundu. Tito alikimwagia chai yake.

Hapo ndipo Bi Mwanakheri akarudi.

Alimwomba Tito radhi, akamwahidi kitambaa kingine. Akachukua lenzi, akaingia ndani. Nikamfuata.

"Bi, nilitaka kuua kuvu..."

"Ungeua watu."

"Kweli. Nimekosa."

"Kuanzia leo hushiki lenzi ndani ya studio hii. Utashika taa. Ukitaka kushika zaidi ya taa, mlango ule."

Nimelia njia nzima. Halafu nilipofika chumbani nikajiuliza mbona moyo unadunda vile kwa furaha iliyojificha. Kioo kidogo kile kimelikamata jua! Mwenyezi Mungu anisamehe, lakini ilikuwa ajabu.

Alhamisi 17 Aprili

Hajanisemesha. Nimeshika taa.

Ijumaa 18 Aprili

Hata asiponisemesha, kuvu hailali. Nimepita kwa wauza viatu wote wa sokoni kuomba vile vipakiti vidogo vya chengachenga vinavyowekwa kwenye maboksi ya viatu kunyonya unyevu, vile vilivyoandikwa visiliwe.

"Dada, hivi haviliwi," kanieleza mmoja kwa huruma.

"Najua, kaka. Sina njaa hiyo."

"Sasa vya nini?"

"Vya lenzi."

Kamwita mwenzake, "Njoo umsikie huyu!" Lakini walinikusanyia mfuko mzima. Nimenunua ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, nikapanga vipakiti chini, nikatandika kitambaa safi juu. Kisha nikapita duka la dawa kuchukua ile haidrojeni peroksaidi inayotoka povu kwenye vidonda, na spiriti.

"Umeumia wapi?" akauliza muuzaji.

"Mgonjwa yupo studio."

Ndoo nimeiacha mezani kwa Bi Mwanakheri bila neno.

Jumapili 20 Aprili

Kanipigia simu! Jioni, nikila ugali. "Kesho uje. Uje na vile vidude vyako." Akakata.

Ugali nimeusukuma pembeni, napanga bisibisi na brashi.

Jumatatu 21 Aprili, Jumatatu ya Pasaka

Naandika yote, maana nikizeeka nataka nisome tena siku hii.

Mtaa ulikuwa kimya. Tito hayupo, yuko kwao kwenye sikukuu, cherehani kaifunika. Mvua nyembamba. Nilimkuta Bi Mwanakheri ametandika meza shuka jeupe, kafunga madirisha ili upepo usilete vumbi, kafunga na feni. Themanini na tano ilikuwa katikati ya shuka. Kabati lilikuwa wazi, na lenzi zote zilizobaki zilikuwa ndani ya ndoo yangu, zimetolewa kwenye mifuko ya ngozi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Nawa mikono mpaka kwenye viwiko. Kisha kaa."

Nikanawa, nikakaa. Yeye akabaki amesimama, ameshika kiegemeo cha kiti changu.

"Nikwambie kitu kwanza," kasema. "Nilipoanza kazi hii sikuwa na lenzi. Nilikuwa naazima kwa wanaume. Kila nikirudisha, wanaigeuza-geuza mbele yangu, wanatafuta alama ya kidole changu. Wakikosa wanasema, 'Haya, safari hii una bahati.' Siku niliyonunua hii niliapa hakuna atakayeigusa. Nikaifungia. Kumbe nimeiozesha mwenyewe."

Nikasema, "Haijaoza, Bi. Imeota ukungu tu."

"Fungua," akasema.

Nilianza kwa kupuliza, maana vumbi lililo nje ukiligandamiza linakuwa msasa. Kisha brashi. Kisha pete ya mbele. Ilikuwa imekaza! Nilikata kipande cha mpira wa ndala, nikakibana juu yake na kiganja, nikasukuma. Wapi. Jasho likaanza. Bi Mwanakheri akanifuta paji la uso na upindo wa khanga yake, bila kusema, lisije likadondoka. Nikasukuma tena nikisema bismillahi, ikalia tiki. Ikazunguka.

Sote wawili tulisema "Ah!" kwa pamoja.

Kabla ya kutoa kioo nilikiwekea alama ya penseli ukingoni. Cha kwanza kikatoka, safi. Cha pili, nikakinyanyua kwa kifyonzo chenye mdomo wa mpira, nikakielekeza mwangani. Hiyo hapo! Bustani nzima ya kuvu, imetandaa. Nje ya lenzi ilikuwa inatisha zaidi.

Nikalowanisha pamba laini kwa haidrojeni, nikakilaza kioo chini yake kama mtu mwenye homa anavyowekewa kitambaa. Tukasubiri. Bi Mwanakheri akaniuliza kwa sauti ya chini, kama tuko wodini, "Itakwaruza?"

"Tukiwa na haraka, ndiyo. Tukisubiri, kuvu itaachia yenyewe."

Nikainua pamba. Nikapangusa mara moja tu, kutoka katikati kwenda nje, duara linalofunguka. Nyuzi zikaja na pamba. Nikabadilisha pamba, nikapangusa tena, kisha spiriti, kisha kitambaa kikavu ambacho hakijawahi kugusa kitu kingine. Nikakiinua.

Hakuna! Kioo kilikuwa hakionekani, isipokuwa ule mng'ao wa zambarau wa utando wake. Ukingoni kulibaki kovu dogo, pale kuvu ilipokula utando wenyewe, lakini ni pembeni, haliharibu picha.

Nikarudisha vyote, nikakaza pete, nikamkabidhi. Akaivalisha kamera. Akanipiga picha mimi, palepale. Akaitazama. Uso ukamshuka.

"Faudhia. Imekufa."

Nikaitazama. Uso wangu ulikuwa tope. Hakuna kitu kimeshika, si jicho, si ukuta. Siku tano kabla ya harusi, na lenzi aliyoililia miaka, nimeimaliza. Nilitamani ardhi inimeze na kiti.

Bi Mwanakheri hakufoka. Ningeona heri angefoka. Alikaa mbele yangu, akasema taratibu, "Anza upya. Niambie kila ulichofanya, kwa sauti, mimi nasikiliza."

Nikaanza. Nimepuliza. Nimetoa pete. Nimetoa kioo cha kwanza. Nimetoa cha pili nikakigeuza mwangani...

"Ukakigeuza," akasema.

"Nikakigeuza!" Nikaruka kwenye kiti. Kioo kina upande wa tumbo na upande wa mgongo! Alama ya penseli inasema kimekaa wapi, haisemi kinatazama wapi. Nilikuwa nimekirudisha kichwa chini!

Pete safari hii ilitoka kama kifuniko cha chupa. Nikakipindua kioo, nikapuliza, nikafunga. Akanipiga tena. Safari hii hakuitazama yeye, akanipa mimi kwanza.

Kope zangu zilihesabika. Niliona kipele changu cha kidevuni. Niliona dirisha dogo la studio limekaa ndani ya mboni ya jicho langu.

Tulipiga vigelegele watu wawili mpaka jirani akagonga kuuliza nani anaolewa.

Jumanne 22 Aprili

Mvua. Bi Mwanakheri ameuvua ufunguo wa kabati shingoni. Anasema ulikuwa unamwasha.

Mzenga, Jumamosi 26 Aprili

Naandikia jikoni kwa shangazi, nimejificha dakika chache.

Tulikodi gari aina ya Noah, dereva Twalibu. Mpaka Mlandizi raha mustarehe. Tukakata kushoto, tukapita Ruvu, mto umejaa mpaka mashamba ya mpunga hayaonekani. Huko mbele barabara ikawa uji. Twalibu alipambana, lakini karibu na Mzenga, kwenye kijito ambacho kiangazi unakiruka tu, gari likakaa. Magurudumu yanazunguka, sisi hatuendi.

Shangazi kapigiwa simu, katuma wanaume waje kusukuma. Wakatokea kwenye mvua na suruali zimekunjwa, na aliyetangulia ni baba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Bibi harusi amevaa, mnasubiriwa. Shukeni mtembee, gari tutalitoa sisi." Akaiona ndoo niliyoikumbatia. "Hiyo nini? Pilau?"

Watu wakacheka.

"Lenzi, baba."

"Lete nikubebee, utaanguka."

Nilimtazama baba yangu, ambaye sijawahi kumnyima kitu. Nikasema, "Nisamehe, baba. Hii naibeba mwenyewe."

Alinitazama, maji yanamtiririka kwenye kofia. Nikadhani atanifokea mbele ya watu. Akavua ndala zake, akavunja tawi la mti, akaingia kijitoni mbele yangu. Akawa anachoma maji kwa lile tawi kabla ya kila hatua.

"Kanyaga ninapokanyaga. Kushoto kuna shimo."

Nikajitwisha ndoo, nikamfuata. Bi Mwanakheri nyuma yangu, buibui kiunoni, anasema dua zote anazozijua. Kila baba alipopita pagumu aligeuka, na alitazama ndoo kabla ya kunitazama mimi.

Nyumbani kwa shangazi wanawake walikuwa wamejaa chumba na ukumbi. Udi, pilau, jasho, manukato, joto kama ndani ya chungu. Naila yuko kitandani, hina mpaka kwenye viwiko, mzuri mpaka nikasahau nimekuja kufanya nini. Nikafungua ndoo, nikaitoa themanini na tano, ikavikwa kamera. Bi Mwanakheri akainua.

Nyeupe tupu. Lenzi ilitoka kwenye baridi ya mvua ikaingia kwenye lile joto, ikavuta mvuke wote wa pilau. Bibi Mwanamkuu, bibi yetu, akapaza sauti kutoka kwenye mkeka, "Mbona mmesimama? Hampigi?"

Niliuona mkono wa Bi Mwanakheri ukivuta upindo wa khanga. Ndiyo mazoea yake. Kufuta, kufuta upesi. Upindo ukafika karibu na kioo. Ukasimama hapo. Akaniangalia.

"Ukifuta, ukungu utarudi," nikamnong'oneza. "Tuuache, utaondoka wenyewe kioo kikipata joto."

"Muda gani?"

"Kama wimbo mmoja."

Akageuka, akapiga makofi mawili. "Mashangazi! Picha haiwezi kuingia kwenye chumba kilichopoa. Nataka wimbo, tena wa kusimama!"

Hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Ngoma ikashika, hata Bibi Mwanamkuu akanyanyuliwa. Mimi nilikuwa nautazama ukungu. Ulianza kurudi nyuma kutoka katikati, polepole, duara linafunguka, kama pazia, na nyuma yake kukatokea rangi ya dhahabu ya gauni la Naila.

Bi Mwanakheri akaniwekea kamera mikononi.

"Piga wewe."

"Bi, mimi?"

"Umeifungua wewe. Piga."

Nikapiga! Nilipiga Naila akicheka, Naila akilia, mkono wa shangazi ukimpangusa chozi asiharibu wanja. Nilipiga bibi akicheza na mguu wake mbovu. Nilikuwa natembea juu ya vitanda vya watu, nawaamuru wakubwa zangu wasogee, nao wanasogea. Sijawahi kuwa na furaha kama hii mwilini mwangu. Bi Mwanakheri alikuwa anashika taa.

Wananiita. Naenda.

Mzenga, Jumapili 27 Aprili

Asubuhi nilitandika mkeka barazani, nikatoa vitu vyote kuvisafisha kabla ya safari. Baba alikuja akaketi kwenye kigoda. Akatazama. Nikapuliza, nikapitisha brashi, nikapangusa.

"Kwa nini hufuti na khanga?"

"Khanga ina mchanga, baba, hata ikitoka kufuliwa. Hauonekani, lakini unakwaruza."

Akaushika upindo wa shuka lake, akausugua kati ya vidole karibu na sikio. Kisha akaomba ile pampu ya mpira. Akajipulizia kiganjani, kisha puani, akapiga chafya. Mimi nikacheka, yeye hakucheka.

"Na ile mashine yangu," kasema, "unga ukiingia kwenye beringi, nifute au nipulize?"

"Upulize kwanza, baba. Ukifuta unausukuma ndani."

Akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Kuhusu kurudi kwangu hakusema lolote. Na mimi sikuuliza. Nimeogopa.

Kibaha, Jumatatu 5 Mei

Latifu kaja na lenzi tatu na adabu mpya. "Dada Fau, hali ni mbaya. Zote zimeota ndevu." Kaona picha za Naila kwenye simu za watu. Bi Mwanakheri kamkalisha kwenye kiti cha kusubiri kama mteja mwingine yeyote.

Jumatano 7 Mei

Tito katuandikia kibao, ana mwandiko mzuri: TUNASAFISHA LENZI. Chini yake kaongeza kwa herufi ndogo, kwa hiari yake: HATUCHOMI NGUO.

Jumanne 13 Mei

Leo nimeshindwa. Jamaa wa Chalinze kaleta lenzi ya zamani, kuvu imekaa humo masika juu ya masika. Niliitoa yote, lakini kioo chenyewe kimeliwa, kimebaki na michoro. Nilimweleza ukweli. Akaniuliza, "Kwa hiyo imekufa?" Nikamwambia itapiga, ila mwanga ukiwa mbele yake picha itapauka. Aliondoka kwa huzuni. Bi Mwanakheri kasema kumwambia mtu ukweli mapema nako ni kusafisha. Siku hizi anasema maneno ambayo nayafikiria mpaka nalala.

Jumamosi 17 Mei

Harusi Kisarawe mjini. Nimepiga nusu yote mimi.

Alhamisi 22 Mei

Naila kapiga simu. Mashine ya kusaga imeanza kazi, na anayesimama pale ni Yasmin, binti wa jirani. Baba mwenyewe kamwajiri.

"Kasema nini kuhusu mimi?" nikauliza.

"Hajasema. Unamjua mjomba."

Nilirukaruka studio nzima. Kisha nikakaa. Toka harusi baba hajanipigia. Kunipa ruhusa ni kitu kimoja, na kukata tamaa na mtu ni kingine, na kwa mbali vyote viwili vinafanana.

Jumatatu 26 Mei

Jua. Jana pia jua. Barabara imeanza kutoa vumbi. Sasa tutapigana na vumbi.

Alhamisi 29 Mei

Leo kaja kijana wa kutoka Ruvu, anapiga picha za ndege mtoni, ana lenzi ndefu kama mkono. "Dada, kila picha ina doa, na doa lenyewe linahama." Nikamulika tochi. Ndani, kati ya kioo na kioo, alikuwa anatembea sisimizi. Yu hai kabisa! Anafika ukingoni, anasimama, anageuka, anarudi.

Studio nzima walikuja kuchungulia, hata Tito na mteja wake. Nikanawa, nikakaa, nikaanza kufungua. Nilikuwa nimeshatoa pete, kioo cha mbele kimelegea, brashi mkononi, pumzi nimeibana, simu ikalia. Bi Mwanakheri akaitazama. "Baba yako." Akaipokea, akaiweka sauti kubwa, akaishika karibu na mdomo wangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nilitaka tuongee."

Lakini kioo kilikuwa kimening'inia kwenye mdomo wa mpira, siwezi kukiweka chini wala kukirudisha.

"Baba, nisamehe. Mikono yangu iko ndani ya lenzi. Kuna sisimizi humo, yu hai."

Nikasikia kuku wa nyumbani.

"Ndani ya lenzi?"

"Ndiyo."

"Usimuue."

"Simuui, baba. Namtoa. Ila itachukua muda, labda nikupigie baadaye."

"Hapana," akasema baba. "Endelea. Nipo."

Na kweli alikuwepo. Nikakiinua kioo. Sisimizi akasita, akapapasa hewa kwa vijipembe vyake, na upande wa pili wa simu baba yangu hakukohoa, hakuuliza, alikuwa anapumua tu. Nikasogeza ncha ya brashi. Sisimizi akapanda. Nikamtoa nje polepole hadi dirishani.

"Ametoka, baba."

"Alhamdulillahi," akasema baba. "Haya, na kioo je, kimesalimika?"